Kiti Kinachofupika

Nyumbani kwetu Simbo, mkoani Kigoma, palikuwa na kiti kimoja cha heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyokuwa ikimmaliza bibi yangu.

Baba alikiagiza kwa fundi seremala. Kilikuwa cha mninga mtupu, chenye mikono mipana na mto wa sponji wenye maua mekundu. Aliyeruhusiwa kukikalia ni mtu mmoja tu: Bibi Rozalia, mama yake Baba, aliyevuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili na huyo Baba akiwa mgongoni. Kwa imani ya ukoo wetu, mama aliyelea watoto akawamaliza hainuki tena. Akitaka maji, maji yanamwendea. Akisikia baridi, moto unamwendea. Akimkumbuka jirani, jirani anaitwa. Mama mzee akionekana barabarani akichechemea, Simbo haitaulizia goti lake. Itauliza mwanawe amekufa lini.

Basi Bibi aliketi. Aliketi asubuhi akinywa chai ya sukari nyingi na mkate mweupe, kwa sababu mzee hapewi chakula kigumu. Aliketi mchana akimeza vidonge vya maumivu alivyouziwa na mchuuzi wa mnadani, ambavyo viliacha magoti yake vilevile na kulichoma tumbo lake. Chooni alikwenda kwa nadra na kwa huzuni, akiegemea mabega yangu, na alirudi hivyohivyo alivyokwenda. Maharage aliyaacha kabisa. Alisema yanatia upepo tumboni, na upepo ukikosa pa kutokea unashuka kwenye goti.

Mimi niliporudi likizo ya Juni kutoka shule ya bweni, nikiwa na cheti cha tabia njema ambacho hadi leo walimu hawajui walikitoaje, nilimkuta amenenepa juu na kukonda miguuni. Vidole vyake vilikuwa vikipiga mkono wa kiti bila kukoma. Aliniambia, "Ira, nimechoka kukaa." Nikamwambia, "Basi simama, Bibi." Akaniangalia kama mtu aliyeshauriwa aruke.

Ndipo ikaja simu ya Nizigama.

Nizigama ni mume wa shangazi yangu, ana boti la mbao lenye injini linalosafiri Ziwa Tanganyika kati ya Kibirizi, ufukwe wa Kigoma mjini, na vijiji vya kaskazini. Mwaka ule wa elfu mbili na kumi na tano Warundi walikuwa wanavuka tena kwa maelfu, na boti lake halikupata usingizi. Alipiga simu kwa Baba, si kwa Bibi, maana mkwe hazungumzi na mama mkwe wake ana kwa ana.

"Mwambie mama," alisema, "Bukeyeneza yuko Mwamgongo."

Bukeyeneza ni dada mkubwa wa Bibi. Hawakuwa wameonana tangu Bibi alipokimbia. Sasa dada huyo alikuwa ameshuka ufukweni Mwamgongo, kijiji cha wavuvi cha kaskazini, na jembe na kuku mmoja, akapokelewa na familia ya wavuvi, na kutoka hapo hakutaka kusogea hata hatua. Akikanyaga Kigoma mjini, angeandikishwa na kupakiwa basi la kwenda kambini, naye alikuwa na maharage shambani kwake Nyanza, kule Burundi. Kukitulia kidogo tu, angevuka kurudi kuyavuna kabla majirani hawajamsaidia.

Bibi alisikia yote hayo akiwa kitini. Vidole vikanyamaza.

"Nitakwenda," akasema.

Baba akacheka kwa adabu. "Mama, utapandaje boti?"

Swali lilikuwa zito. Kibirizi unaingia majini hadi magotini na kuvuka ubavu wa boti. Mwamgongo hakuna gati, unavuka ubavu tena na kushukia kwenye mawimbi. Abiria wengine wazito hubebwa na mabaharia. Lakini mabaharia wa Nizigama ni wadogo zake, na mdogo wa mkwe ni mkwe. Mkwe hamgusi mama mkwe. Hampi mkono, hali naye, na akikutana naye njiani anapinda kichakani. Hivyo ndani ya boti lile hapakuwa na mwanaume mwenye ruhusa ya kumshika Bibi hata kidole. Kupanda boti la mtu baki wakati mkwe ana lake kungekuwa tusi la kumrudisha shangazi nyumbani na masanduku yake. Baba alikuwa na ngiri, amekatazwa hata kubeba dumu la mawese. Na mimi nina umbo la mtu aliyelelewa na chakula cha bweni.

"Nitapanda kwa miguu yangu," Bibi akasema. "Kubebwa ni kwa watu wa machela."

Kesho yake nilimpeleka zahanati kwa pikipiki, nikiwa nimembana kwa nyuma. Kulikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuja kutoka mjini, jina lake Gervasi, kijana mwenye viatu vilivyong'aa kuliko zahanati. Aliyakunja magoti ya Bibi, akayasikiliza yakisaga.

"Pole, Bibi. Hii ni kuchakaa kwa maungio. Gegedu, lile tandiko la kati ya mifupa, limelika."

"Basi ongeza lingine."

"Halipo la kuongeza. Lakini msuli wa paja ukiwa na nguvu, goti linapata msaidizi. Dawa yake ni kuinuka na kukaa, kuinuka na kukaa, na kutembea kidogo kila siku. Litauma kiasi. Likiuma hadi kesho yake, umezidisha."

Kisha akauliza kuhusu tumbo. Bibi alinitazama kwa aibu, nami nikaeleza kwa niaba yake, kwa sauti kubwa na kwa kirefu, hadi benchi lote la wagonjwa likafahamu. Gervasi alivitazama vile vidonge vya mnadani akasema viachwe. Akasema arudishe maharage, mboga za majani, uji wa mtama, maziwa mgando, na kwamba utumboni mna vijidudu vinavyokula makapi ya vyakula hivyo, na vikistawi vinatuliza mwili.

"Nina wadudu?" Bibi akauliza.

"Wema, Bibi. Kila mtu anao."

"Wameingia lini?"

"Tangu ulipozaliwa."

"Ahaa. Basi hao ni raia." Akatafakari. "Na wanajuana na goti?"

Gervasi akacheka. "Wataalamu wanadhani tumbo na goti vina mawasiliano. Wanaongea nini hasa, bado tunachunguza. Mazoezi nina hakika nayo. Chakula hicho hakitakudhuru, na chooni utanishukuru."

Tulirudi nyumbani na matumaini, Baba akayazima kabla ya chakula cha mchana. Mama yake ainuke na kukaa, ainuke na kukaa, uani, Mama Shadia akimwona? Mama Shadia ni jirani yetu, na kinywa chake kinafika Ujiji kabla ya basi. "Watasema namtumikisha," Baba alisema. "Kama ni kuinuka, atainuliwa." Na ajabu ni kwamba Bibi mwenyewe alikubaliana naye. Alitaka kwenda Mwamgongo kwa miguu, ila alitaka miguu hiyo ipatikane bila watu kuiona ikitafutwa.

Hapo ndipo taifa lilipohitaji huduma yangu.

Kila mtu anajua kwamba kiti kirefu kinamwinua mtu kwa urahisi na kiti kifupi kinamdai jasho. Bibi alijilaza kila alasiri, na kila alasiri mashine ya kusaga ya jirani ilinguruma kiasi cha kuzima hata kengele za Jumapili. Nikachukua msumeno wa Baba, nikakipindua kiti cha heshima, nikakata miguu yote minne. Kipande chembamba, kama biskuti. Vumbi la mbao nikalifagia, biskuti nikazitia motoni chini ya chungu cha maharage.

Kisha nikahamisha kila kitu. Kopo lake la tumbaku ya kunusa likahamia dirishani. Redio ikapata ugonjwa wa kuzimika nilipokuwa mbali. Kuku wa Mama Shadia, ambaye Bibi anamchukia kwa sababu anazozijua mwenyewe, akaanza kukuta punje za mahindi mlangoni petu. Bibi alinung'unika, aliinuka, alinyoosha fimbo, alirudi, aliketi.

"Ira! Nani anaweka tumbaku yangu huko?"

"Labda wadudu, Bibi."

"Mjinga wewe."

Siku kadhaa baadaye nikakata biskuti nyingine. Akapumua kwa nguvu zaidi kuinuka, lakini akainuka. Na maharage yakarudi. Hapo nilikosa subira. Nilimjazia sahani kana kwamba wale raia wa tumboni walikuwa wamefunga tangu uhuru, nikaongeza sombe, yaani kisamvu, na bakuli la mtindi.

Jioni ile akaja katekista, Mzee Bonifasi, kumletea Bibi komunyo. Tulipiga magoti sote isipokuwa mwenye kiti. Katika sehemu tulivu kabisa ya sala, kiti cha heshima kikatoa mlio mrefu, wa kupanda na kushuka, kama tarumbeta inayotafuta noti. Mzee Bonifasi alifumba macho zaidi. Baba akakohoa kwa kujitolea.

"Amina," Bibi akasema kwa utulivu.

Lakini asubuhi yake alikwenda chooni akiwa na fimbo tu, akakaa muda wa kawaida wa binadamu, akatoka na uso niliokuwa sijauona tangu niko shule ya msingi. Alivuka ua akisimama kila mahali kutazama kitu: tundu la kuku, mti wa ndimu, kamba ya nguo. "Mchicha wenu umekauka," alituambia. Alikuwa hajauona mchicha huo tangu upandwe.

Nizigama akapiga tena. Kule ng'ambo kulikuwa kumetulia kidogo. Bukeyeneza alikuwa ameanza kufungasha, yaani amemfunga kuku miguu.

Sikulala vizuri. Nilikadiria kwa viganja kimo cha ubavu wa boti, nikapima kimo cha kiti, nikaona kiti bado ni kirefu mno kuyapa mapaja nguvu ya kuuvuka. Alasiri, mashine ilipoanza kunguruma, sikukata biskuti. Nilikata andazi.

Bibi aliamka, akajishusha kitini kama kawaida, akafika chini mapema kuliko alivyotarajia, na goti likamkunja. Alilia. Si kwa sauti kubwa, ila nilisikia. Kufikia usiku goti lilikuwa limevimba na la moto, na nilikesha mlangoni kwake nikisimama na kukaa, mazoezi ambayo magoti yangu hayakuyahitaji.

Gervasi, nilipompata zahanati, alinisikiliza hadi mwisho wa kisa cha msumeno. Nilitazamia acheke. Hakucheka.

"Wazo lako si baya," alisema. "Haraka yako ndiyo mbaya. Msuli wa mtu mzima hauamrishwi. Mpumzishe, lakini usimlaze. Anyooshe mguu akiwa ameketi, asogee kidogo nyumbani. Uvimbe ukishuka, rudini mlipokuwa kabla. Na maharage nayo, nasikia umemjazia kwa koleo?"

"Nani amekuambia?"

"Katekista ni mjomba wangu."

Niliporudi, Bibi alikuwa jikoni, ameketi kwenye kigoda karibu na moto, mguu ameunyoosha. Pua yake ilikuwa juu ya moshi.

"Ira. Nani anapikia mninga?"

Nikasogeza chungu kisichohitaji kusogezwa.

"Mninga unanukia kama kanisa jipya. Na chungu changu kimepikwa kwa mninga likizo nzima." Akachokoa majivu kwa fimbo, kikatoka kipande cha mguu wa kiti, kile kinene, kimeungua upande mmoja. Alikipuliza majivu. Nami nilitazama mlango.

"Nilidhani nyumba inarefuka," akasema. "Nilidhani ndiyo kufa, mtu anashuka na ukuta unapanda. Nimesali rozari juu ya jambo hili, wewe shetani mdogo!"

Fimbo ilinipata kwenye nyonga. Alikuwa amesimama. Alinifuata hadi mlangoni kwa goti lile lile lililovimba, akanipiga ya pili, ndipo akakumbuka kuwa mgonjwa na kushika mwimo.

Baba aliporudi shambani alikipindua kiti chake, akaona kilichobaki. Alikuwa amekilipia kwa mawese ya msimu mzima. Alianza kuvua mkanda. Bibi akamzuia kwa mkono.

"Jeremia. Umeninyanyua au umenikalisha?"

"Mama, mimi nakuheshimu."

"Unaniheshimu mpaka nimeoza. Goti likipoa nitatembea barabarani, mchana, watu wakiniona."

"Watasema nini juu yangu?"

"Tafuta la kuwajibu. Wewe ndiye uliyesoma."

Baba alitafuta. Uvimbe uliposhuka na Bibi akatoka barabarani na fimbo yake, Simbo iliona jambo ambalo haikuwahi kuliona: mama mzee mbele, akichechemea kwa kiburi, na nyuma yake mwanawe, ngiri yake ameisahau, akiwa na kiti cha mninga kichwani, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba mama wa Jeremia amekosa pa kukaa. Kila Bibi alipochoka, Baba alikitua. Aliketi, akainuka, wakaendelea. Nyumbani niliweka matofali chini ya kiti, kisha nikapunguza tofali, polepole safari hii, yeye mwenyewe akiniamuru lini. Mama Shadia alitoka kutazama siku ya kwanza. Siku ya pili alitoka na mama yake.

"Dada yako yule wa Mwamgongo bado yupo?" aliuliza.

"Bado," Bibi akajibu. "Akiondoka nitajua ni wewe uliyenichelewesha na maswali."

Goti halikupona. Lilisaga kila asubuhi kama jana yake, na kuna siku alirudi njiani akitukana kwa Kirundi. Lakini aliinuka. Kisha Nizigama akapiga simu ya mwisho: boti la wanaorudi ng'ambo lilikuwa limepatikana, Bukeyeneza anavuka asubuhi inayofuata. Bibi hakungoja Baba akate simu. Alikuwa amekwisha kuniamuru niende kutafuta pikipiki.

Kibirizi ilinuka dagaa na dizeli. Nizigama alipotuona alituamkia kutoka mbali, akageuza uso kuelekea Kongo, na wadogo zake wote wakageuka naye kama askari kwenye gwaride. Bibi akakunja kitenge, akaingia majini akinishika bega. Kwenye ubavu wa boti alisimama. Wimbi likapanda, likashuka.

"Msaidieni bibi huyo!" mama mmoja mwenye ndoo za mawese akafoka. "Ninyi vijana mmelogwa?"

"Ni wakwe zake," akajibiwa, naye akaelewa, akaziba mdomo.

Bibi akashika mbao, akasubiri boti lishuke, akatupa mguu mzuri ndani, akakalia ukingo, akauvuta ule mbaya kwa mikono miwili kama anavuta mbuzi. Akaangukia kwenye ubao wa kukalia. Nizigama, bado akitazama Kongo, akawasha injini.

Njia nzima kaskazini, milima ya Gombe ikipita upande wa kulia, sikuweza kutulia. Nilihama kutoka mbele kwenda nyuma, nikauliza tumebakiza wapi, nikauliza tena. Bibi alikula maharage baridi kutoka kwenye kopo, akainuka kidogo na kukaa kila alipohisi goti linakakamaa, abiria wakidhani anasali kwa dhehebu jipya.

Mwamgongo mawimbi yalikuwa makubwa kuliko Kibirizi. Boti likapandisha pua mchangani. Bibi alivuka ubavu, akaning'inia, akaachia. Maji yakamfika mapajani, akayumba, akanishika nywele, akasimama. Alitoka ziwani akiwa amelowa hadi kifuani na hakuniacha nywele hadi mchanga mkavu.

Bukeyeneza alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya chanja za kuanikia dagaa, miguu ameinyoosha mbele, kuku amemfunga ubavuni. Alikuwa na pua ya Bibi. Alijaribu kuinuka, akarudi chini.

"Rozalia," akasema, "haya magoti yalikwisha zamani. Walinishusha kama gunia."

Hapo nikaona kosa langu. Mdogo hamsalimii mkubwa wake akiwa amemsimamia kichwani. Kwa Warundi salamu ni mikono kushikana mabegani na viwikoni, uso kwa uso, na kuulizana amahoro, yaani amani, ya kila mtu, mmoja mmoja, na wafu wakiwemo. Ilimpasa Bibi akae chini kabisa. Na chini kabisa hatukuwahi kujaribu. Kiti hakikufika huko, wala matofali.

"Bibi, ngoja, nitafute kigoda."

"Ondoka."

Alishika nguzo ya chanja. Akatua goti moja mchangani, akapiga kelele fupi, akatua viganja, akageuka upande kama boti linalopakuliwa, akakaa. Dagaa kadhaa walidondoka juu yake. Dada yake akamshika mabega.

"Amahoro."

"Amahoro."

"Umechelewa sana," Bukeyeneza akasema. "Maharage yangu yanaibwa."

Bibi akaanza kuulizia mama yao. Nyuma yangu Nizigama alikuwa akipaza sauti, ametugeuzia mgongo: "Ira! Mwambie mama naendelea Kagunga, kesho nitampitia! Muulize kama ataweza kupanda!"

Nikakimbia hadi majini, nikarudi. Walikuwa wamefika kwa kaka yao wa kwanza, na wote wawili wanalia.

"Bibi, Nizigama anauliza. Kesho utainukaje hapo?"

Hakugeuka. "Kwani nimekuambia nainuka?"

Nikarudi tena majini. Nikamwambia Nizigama apite kesho, na kesho kutwa pia.